Redio kuukuu na somo chungu la wazimamoto wa New York

WAZIMAMOTO 343 wa jiji la New York waliangamia Septemba 11, 2001, na tangu siku hiyo kuna swali ambalo halijaacha kuulizwa: ni wangapi miongoni mwao walioendelea kupanda ngazi kwa sababu hawakusikia amri ya kuwateremsha?

Swali hilo linahusu kifaa kidogo kinachoning'inia kifuani pa kila mzimamoto, redio ya mkononi. Wengi wa waliokufa siku hiyo walibeba redio za analogi za aina ile ile iliyokuwa imewaangusha wenzao katika majumba yale yale miaka minane na nusu awali.

Jinsi jiji hilo lilivyoonywa, likachelewa, kisha likafanya haraka na kujikwaa, ni historia inayostahili kusomwa katika kila mji unaoinua majumba marefu kuliko ngazi za magari yake ya zimamoto.

Saruji na chuma

Idara ya Wazimamoto ya New York, ijulikanayo kwa ufupi kama FDNY, ilianzishwa kama kikosi cha kulipwa mwaka wa 1865. Wakati huo habari za moto zilipitia nyaya za telegrafu. Jiji la Boston lilikuwa limeonyesha njia mnamo 1852 kwa kuweka visanduku vya kengele mitaani.

Nyaya hizo ziliweza kuwaita wazimamoto hadi mlangoni pa jumba linaloungua. Hazikuweza kuwafuata ndani. Redio ya mkononi ndiyo iliyomwezesha mkuu aliye nje kuzungumza na mtu aliye gizani, katika moshi, orofa nyingi juu yake.

Hata hivyo, redio hiyo ina udhaifu wa kimaumbile. Nguvu zake ni ndogo, kwa kawaida wati tano au chini ya hapo, kwa kuwa betri yake sharti ibebeke. Mawimbi yake yakikutana na sakafu ya saruji iliyosukwa kwa chuma hupungua nguvu. Yakipita sakafu kumi au ishirini, huenda yasibaki na kitu cha kusikika.

Urefu wa wimbi nao una maana. Redio za zamani za FDNY zilitumia masafa ya VHF, ambayo mawimbi yake hukaribia urefu wa mita mbili. Mawimbi ya UHF ni mafupi zaidi na hupenya kwa urahisi madirishani, milangoni na katika vishoroba vya majengo ya mjini.

Tatizo la tatu ni msongamano. Katika chaneli moja ya analogi, mtu mmoja tu ndiye anayeweza kusema kwa wakati mmoja. Wawili wakibonyeza vitufe vyao pamoja, wanaosikiliza hupata mlio na vipande vya maneno. Moto mkubwa unapowakusanya mamia ya wazimamoto, chaneli hugeuka soko.

Onyo la 1993

Kasoro hizo zote zilijitokeza Februari 26, 1993, magaidi walipolipua bomu ndani ya gari lililoegeshwa chini ya jumba la World Trade Center. Watu sita waliuawa na zaidi ya 1,000 wakajeruhiwa. Maelfu ya wengine walishuka kwa ngazi zilizojaa moshi.

Wazimamoto walioingia katika minara hiyo miwili ya orofa 110 walishindwa kuwasiliana. Mawimbi hayakupenya sakafu nyingi zilizowatenganisha, na vikosi vilivyong'ang'ania chaneli moja vilikuwa vingi mno hata maneno yasieleweke.

Mwaka uliofuata, Halmashauri ya Bandari ya New York na New Jersey, iliyokuwa mmiliki wa majumba hayo, iligharamia kuwekwa kwa kikuza mawimbi. Chombo hicho hupokea sauti dhaifu ya redio ya mkononi, huiongezea nguvu, kisha huirusha upya ili ifike kila pembe ya jengo.

Kulikuwa na pendekezo kwamba chombo hicho kiwe kikiwaka saa zote. Jiji lilikataa kwa hofu kuwa kingevuruga mawasiliano ya wazimamoto kwingineko kusini mwa Manhattan, likataka kiwashwe panapotokea haja tu.

Mwanzoni polisi wa Halmashauri ndio waliopaswa kukiwasha. Mnamo 2000, kwa ombi la FDNY, vidhibiti viliwekwa katika meza za usalama kwenye kumbi za kuingilia za minara hiyo. Tangu hapo jukumu la kukiwasha likawa la wazimamoto wenyewe.

Dawa hiyo ilikuwa ya jengo moja tu. Redio zenyewe, ambazo zilitumika katika jiji zima lenye maghorofa yasiyohesabika, zilibaki zile zile.

Juma moja la redio mpya

Hatimaye, Machi 2001, idara iliwagawia wazimamoto maelfu ya redio mpya za dijitali. Juma moja baadaye zilirudishwa ghalani.

Kilichoziondoa ni tukio la mtaani Queens. Mzimamoto aliyenaswa katika chumba cha chini ya nyumba iliyokuwa ikiungua aliomba kuokolewa, lakini baadhi ya wenzake waliokuwa papo hapo hawakumsikia. Alinusurika, ila imani katika kifaa kile haikunusurika.

Aliyekuwa mdhibiti wa fedha wa jiji, Alan Hevesi, alilaumu namna redio hizo zilivyonunuliwa bila ushindani wa zabuni na kugawanywa bila kufanyiwa majaribio ya kutosha. Vyama vya wazimamoto navyo vilisema wanachama wao walipewa chombo wasichofunzwa vyema kukitumia.

Kwa mtazamo wa kiufundi, redio ya dijitali huigeuza sauti kuwa tarakimu kabla ya kuirusha. Mawimbi yakiwa na nguvu za kutosha, sauti hufika safi. Yakipungua kupita kiwango fulani, hukatika ghafla na kuacha kimya.

Redio ya analogi huzorota polepole. Huanza kukwaruza, kisha kunguruma, lakini sikio lililozoea huweza kuokota neno moja au mawili katikati ya kelele hizo. Kwa mzimamoto, hata mkwaruzo ni habari, kwa sababu humjulisha kwamba kuna mtu anajaribu kusema.

Kuna jambo jingine. Programu inayobadilisha sauti kuwa tarakimu imeundwa kwa ajili ya sauti ya binadamu anayezungumza pahali patulivu. Pakiwa na msumeno wa injini, king'ora cha mtungi wa hewa na maji yanayofoka, inaweza kuyachanganya yote hayo na maneno ya msemaji. Majaribio yaliyofanywa Marekani kufikia 2008 yalithibitisha kwamba kelele za aina hiyo zaweza kufanya ujumbe wa dijitali usieleweke pale ambapo wa analogi ungeeleweka.

Basi redio kuukuu zikarudishwa kazini huku suluhisho likisubiriwa. Miezi sita haikuwa imetimia ndege zilipogonga minara.

Vitufe viwili

Ndege ya kwanza iligonga Mnara wa Kaskazini saa mbili na dakika 46 asubuhi. Ya pili iligonga Mnara wa Kusini saa tatu na dakika tatu.

Tume ya taifa iliyochunguza mashambulizi hayo, na ambayo ilitoa ripoti yake Julai 2004, ilifuatilia kinaganaga yaliyokipata kikuza mawimbi kile. Iligundua kuwa kitufe kimoja kilibonyezwa saa mbili na dakika 54, na redio za wazimamoto zikaweza kusikizana kupitia chaneli yake.

Kitufe cha pili, ambacho kingewezesha mkono wa simu uliokuwa mezani kurusha sauti, hakikubonyezwa kamwe. Wakuu waliokuwa ukumbini walipoujaribu mkono huo mwendo wa saa tatu na dakika tano, hawakupata jibu. Wakaamini kuwa chombo chote kilikuwa kibovu, wakahamia chaneli ya kawaida isiyo na msaada wowote.

Katika Mnara wa Kusini mambo yalikuwa tofauti. Mkuu wa batalioni Orio Palmer aliitumia chaneli ya kikuza mawimbi na ikamtumikia. Alipanda lifti iliyokuwa ingali inafanya kazi hadi orofa ya 40 hivi, kisha akaendelea kwa miguu.

Ilipofika saa tatu na dakika 52, alikuwa orofa ya 78, mahali ndege ilipogonga. Sauti yake ilisikika ikieleza kuwa ameona vifo vingi na mahali pawili penye moto, na kwamba angehitaji mabomba ya maji ili kuuzima. Dakika saba baadaye mnara uliporomoka.

Mawasiliano ya chaneli hiyo yalikuwa yakinaswa katika mkanda uliopatikana baadaye katika jengo jirani. Mkanda huo ulithibitisha kwamba kikuza mawimbi kilichodhaniwa kuwa kimekufa kilikuwa hai.

Amri isiyofika

Mnara wa Kusini ulipoanguka saa tatu na dakika 59, wakuu waliokuwa katika ukumbi wa mnara wa pili hawakujua kilichotokea. Walifunikwa na vumbi na giza. Hata hivyo, mkuu wa batalioni Joseph Pfeifer alitoa amri kwa redio kwamba wote waliokuwa juu washuke na kuondoka.

Baadhi waliisikia, wengine hawakuisikia. Tume ilitaja sababu kadhaa: chaneli ilikuwa imejaa sauti, urefu wa jengo ulizuia mawimbi, baadhi ya wazimamoto walikuwa kwenye chaneli nyingine, na wengine waliofika wakiwa likizoni hawakuwa na redio kabisa.

Mkuu mmoja aliyekuwa orofa ya 35 aliisikia amri hiyo. Aliirudia kwa redio yake, kisha akachukua kipaza sauti cha mkononi, akazunguka ngazi moja baada ya nyingine akipaza amri ya kuondoka. Katika jiji tajiri kuliko mengi duniani, maisha ya watu yalitegemea mapafu ya mtu mmoja.

Angani, marubani wa helikopta za polisi waliuona Mnara wa Kaskazini ukielekea kuanguka, wakawaonya wenzao kwa redio. Polisi wengi walitoka. Wazimamoto hawakulisikia onyo hilo, kwa kuwa idara hizo mbili hazikuwa na chaneli ya pamoja wala kituo kimoja cha amri.

Mnara huo uliporomoka saa nne na dakika 28. Miongoni mwa waliokufa siku hiyo alikuwa Luteni Kevin Pfeifer, nduguye mkuu aliyetoa amri ya kuondoka.

Ni haki kueleza pia kwamba tume haikuzitwika redio lawama zote. Ilihitimisha kuwa hitilafu zake zilichangia, ila hazikuwa sababu kuu ya vifo vya wazimamoto wengi katika Mnara wa Kaskazini. Baadhi walisikia amri lakini hawakujua kwamba mnara jirani umeanguka, hivyo hawakuona haja ya kukimbia. Wengine hawakutaka kuwaacha wenzao.

Hitimisho hilo liliwaudhi jamaa wengi wa marehemu. Wakati wa vikao vya tume jijini New York, Mei 2004, baadhi yao walimkatiza kwa makelele aliyekuwa meya, Rudolph Giuliani, wakitaka aulizwe kuhusu redio.

Redio zile zile, kazi mpya

Agosti 2002, kampuni ya washauri ya McKinsey iliikabidhi idara ripoti yake kuhusu siku hiyo. Mawasiliano yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyopewa uzito.

Suluhisho lililopatikana lilikuwa la kushangaza kwa urahisi wake. Redio za dijitali zilizoondolewa 2001 zilipangwa upya zifanye kazi kwa njia ya analogi, katika masafa ya UHF. Baada ya majaribio na mafunzo, ziligawanywa mapema 2003. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni namna ya kukitumia na subira ya kukijaribu.

Pili, idara iliunda redio ya wati 45 inayobebeka kama sanduku. Mkuu wa operesheni huipandisha hadi karibu na orofa inayoungua na kuweka nyingine chini kwa mwenzake. Zina nguvu mara tisa ya redio ya wati tano, hivyo hujenga daraja la mawasiliano ndani ya jengo lolote, liwe na kikuza mawimbi au lisiwe nacho.

Tatu, redio mpya zilikuwa na kitufe cha dharura. Aliyenaswa akikibonyeza, hupata nafasi ya kusikika hata kama wengine wanazungumza.

Nne, mzigo ulihamishiwa pia kwa wenye majengo. Kanuni za ujenzi za jiji za mwaka wa 2014 zilitaka majumba mapya marefu yawekewe antena na mitambo ya kusaidia redio za wazimamoto. Awali jambo hilo lilikuwa hiari ya mwenye jumba. Sasa ni sawa na mabomba ya maji na ngazi za dharura.

Ya mwisho, na pengine ngumu kuliko zote, ilikuwa kuzipatanisha idara. Mnamo 2005 jiji lilitangaza utaratibu rasmi wa kubainisha ni nani anayeongoza katika kila aina ya mkasa. Redio zinazosikizana hazina faida ikiwa wenye kuzishika hawasikizani.

Vita vya masafa

Mbali na vifaa, kuna rasilmali isiyoonekana ambayo kila idara huigombea: masafa ya redio. Mwaka wa 2012 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha FirstNet, mtandao wa taifa wa intaneti ya simu kwa ajili ya polisi, wazimamoto na wahudumu wa ambulansi. Machi 2017 kampuni ya AT&T ilipewa mkataba wa miaka 25 wa kuujenga na kuuendesha.

Sheria hiyo hiyo ilikuwa na mwiba. Iliagiza masafa ya kati ya megahatsi 470 na 512, yanayotegemewa na vikosi vya dharura vya New York na miji mingine mikubwa, yarejeshwe kwa serikali na kupigwa mnada. Jiji lililotoka kutumia miaka mingi kurekebisha redio zake likakabiliwa na hatari ya kuanza upya. Baada ya malalamiko ya muda mrefu, bunge lilifuta agizo hilo Desemba 2020.

Mtandao kama FirstNet husafirisha picha, ramani na michoro ya majengo. Hata hivyo, hutegemea milingoti na vituo vilivyo mbali, na chini ya ardhi au ndani kabisa ya jengo huenda usifike. Ndiyo maana wazimamoto wengi hushikilia redio inayozungumza moja kwa moja na redio nyingine bila kupitia mtandao.

London yajikwaa pia

New York haiko peke yake. Julai 7, 2005, mabomu yalipoua watu 52 katika usafiri wa umma wa London, waokoaji wengi walioshuka katika reli za chini ya ardhi walijikuta redio zao hazifanyi kazi. Wengine walituma wajumbe kupanda na kushuka ngazi. Kasoro hiyo ilikuwa imetajwa tangu moto wa kituo cha King's Cross wa 1987, ulioua watu 31.

Juni 14, 2017, jumba la makazi la Grenfell lilipoteketea na kuua watu 72, wazimamoto walipata tena taabu ya kuwasiliana kwa redio walipopanda orofa za juu. Aidha, mpango wa Uingereza wa kuhamisha vikosi vyake vya dharura hadi mtandao mpya wa simu, ulioanza 2015, umeahirishwa mara kadhaa.

Funzo kwa wengine

Kenya nayo ina kovu lake. Katika shambulio la jumba la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, polisi na wanajeshi waliingia bila mawasiliano ya pamoja, na kamanda wa polisi akauawa kwa risasi za wanajeshi waliodhani ni adui. Mwaka uliofuata serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Safaricom wa kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera kwa ajili ya polisi.

Kuhusu moto, Katiba ya 2010 iliikabidhi kila kaunti jukumu la huduma za zimamoto. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kununua redio, kuzijaribu na kuwadai wenye majumba waweke antena u mikononi mwa mabunge ya kaunti na magavana.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, wakasema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. New York iliyaonja yote mawili. Ilingoja miaka minane baada ya onyo la 1993, kisha ikafanya haraka mnamo 2001. Ilipofaulu 2003, ilikuwa imejifunza kuipeleka redio katika moshi, kelele na orofa za juu kabla ya kumwaminia uhai wa mtu.

Jaribio la kweli la kifaa hicho halifanyiki katika chumba cha mikutano anapokaa mwuzaji na afisa wa ununuzi. Hufanyika kwenye ngazi, usiku, barakoa ikiwa usoni na mlingoti wa karibu ukiwa umezimika. Anayepanda ngazi hizo ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza iwapo redio inasikika.